NCHI ILIYOJENGWA NA VIDUDU VYA BAHARI
Mimea na wanyama wa Unguja na Pemba, na mafunzo yake kwa wakulima wa Mnero

Mkulima wa Mnero apatapo karatasi hii huenda akauliza: Mimi nakaa mbali na bahari, nalima mihogo, ufuta na mikorosho, habari za visiwa zanihusu nini? Swali hilo ni jema, na majibu yake ni mawili.

Jibu la kwanza ni hili. Katika Mnero udongo umefunika mwamba, na mtu aweza kulima miaka mingi bila kuuona. Katika visiwa vya matumbawe mwamba u wazi, na udongo juu yake ni mchache hata waweza kuukusanya kwa viganja. Huko mkulima huona kwa macho yake, katika muda wa miaka miwili au mitatu, mambo ambayo kwetu hutokea polepole, na kwa sababu ya upole huo hatuyaamini.

Jibu la pili ni maji. Mto Mbwemkuru na Mto Lukuledi huchukua maji ya nchi yetu hata baharini, na maji hayo huchukua udongo. Udongo ulioondoka shambani mwako haukupotea hewani. Mwingine umelala leo juu ya matumbawe ya pwani, mahali samaki walipokuwa wakizaliana. Soma basi polepole, na ukimaliza umsomee jirani yako.

JINSI NCHI HIYO ILIVYOPATA KUWA

Unguja na Pemba ni visiwa vilivyo karibu na pwani ya Tanzania. Vilikuwa dola peke yake hata mwaka 1964, vilipoungana na Tanganyika, na hata leo vina serikali yake ya mambo ya visiwani. Kisiwa cha Unguja kina urefu wa yapata kilomita 85. Upande wa magharibi kuna udongo wa kina, na huko ndiko yaliko mashamba ya mikarafuu na minazi. Bali upande wa mashariki na wa kusini, kama vile Chwaka, Jambiani na Makunduchi, nchi ni mawe, na mawe hayo ni matumbawe ya zamani. Wenyeji huiita nchi ya namna hiyo maweni, na palipo na udongo kidogo juu ya mawe huitwa uwanda.

Tumbawe ni kazi ya vidudu. Kila kidudu ni laini, na vingi si vikubwa kuliko punje ya mtama, lakini kila kimoja hujijengea nyumba ya chokaa. Vikifa, wenzi wao hujenga juu ya nyumba zile, na hivyo mwamba hukua. Ndani ya mwili wa kidudu hukaa mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, nayo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kukigawa na mwenyeji wake. Kwa hiyo tumbawe halistawi ila katika maji ya uvuguvugu yaliyo safi na yenye nuru. Likumbuke neno hilo, maana tutalirudia.

Yapata miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo, na vidudu hivyo vilijenga mahali ambapo sasa watu wanatembea. Baadaye bahari ikashuka, mwamba ukabaki nje, nao ukawa nchi. Tena palikuwa na zama za baridi kali, maji mengi ya dunia yalipoganda kuwa barafu, na bahari ikashuka zaidi ya mita 100 chini ya kiasi cha leo. Wakati huo Unguja iliungana na bara, kwa kuwa mkondo ulio kati si wa kina kikubwa. Wanyama wakapita kwa miguu. Bahari iliporudi walizibwa njia, na wengine wamebadilika tangu hapo hata wakawa jamii peke yao. Pemba sivyo, mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na kisiwa hicho kimekuwa peke yake tangu zama za mbali zaidi. Ndiyo sababu wanyama wa Pemba si sawa na wa Unguja, ingawa visiwa hivyo ni ndugu.

MAJI NA UDONGO WA MAWENI

Katika maweni hakuna mto. Mvua inyeshapo hupita katika matundu ya mwamba kama maji yapitavyo katika chujio. Chini yake maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyoingia kutoka baharini, mfano wa mafuta yakaavyo juu ya maji, kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito. Watu huyapata katika visima na katika mapango. Wakiteka kwa kiasi, hudumu. Wakivuta mengi kwa mashine kupita mvua iliyoingia, maji ya chumvi hupanda na kisima huharibika.

Na udongo je? Udongo uko katika vishimo na nyufa za mwamba, na kilichomo ni zaidi majani yaliyooza. Jembe halifai mahali hapo. Mkulima hutumia muo, yaani mti uliochongwa ncha, akapanda mbegu katika kila kishimo chenye udongo: hapa mtama, pale kunde, pale shina la muhogo. Mawe ayaokotayo hupanga ukuta kuzuia nguruwe mwitu.

KICHAKA NDICHO GHALA

Mtu apitaye maweni kwa haraka husema, “Hapa hakuna kitu, ni vichaka tu.” Asemaye hivyo hajui. Katika vichaka hivyo imo midaa, mikaaga, mikwamba na mimea mingine mingi. Majani ya mingi ni mazito yenye kung’aa, yapate kuzuia maji yasipotee katika jua. Mizizi yake hupenya nyufa kutafuta unyevu. Mibuyu nayo husimama palepale juu ya mawe, ikiweka maji katika vigogo vyake.

Majani hayo huanguka, huoza, na kuingia katika vishimo. Huo ndio udongo, hakuna mwingine. Mwamba wenyewe waweza kutoa chokaa, bali hauwezi kutoa mbolea. Kwa hiyo katika maweni kichaka si adui wa shamba. Kichaka ndicho ghala la shamba, na ufunguo wake ni muda.

Angalia jinsi wazee wa huko walivyofanya. Walikata kichaka, wakakichoma, na majivu yakawapa mavuno ya kwanza yaliyo mema. Mwaka wa pili mavuno yalipungua, na wa tatu yakapungua zaidi. Kisha walikiacha kishike tena, nao wakaenda mahali pengine. Hawakurudi mpaka vichaka vimekuwa virefu na majani yamejaza vishimo tena. Huo haukuwa uvivu, ila ulikuwa hesabu.

Siku hizi hesabu hiyo imevurugika. Watu wameongezeka, na mji unataka kuni, mkaa na chokaa, na kuchoma chokaa kwahitaji kuni nyingi. Kichaka hukatwa kabla hakijakomaa, halafu hukatwa tena. Kila mara udongo hupungua kidogo, na mvua huuosha ndani ya matundu ambako mkono haufiki. Mwisho hubaki jiwe jeupe, na jiwe jeupe halimlishi mtu wala mbuzi.

KIMA PUNJU NA PAA NUNGA

Katika Unguja yuko kima mwekundu mwenye nywele nyeupe usoni, ambaye hapatikani katika bara lolote. Wenyeji humwita kima punju. Punju ni sumu, na zamani watu walisema kwamba mti aulao hufa. Wakulima walimchukia, hasa kwa sababu hula vinazi vichanga.

Wataalamu walilichunguza shauri hilo kwa kuhesabu, na mwaka 1999 matokeo yalichapishwa. Ilionekana kwamba minazi iliyotembelewa zaidi na kima haikupungukiwa mavuno. Bali mavuno yake ya mwisho yalikuwa makubwa zaidi, labda kwa sababu mnazi hauwezi kulea vinazi vyote uzaavyo, na kima hufanya kazi ya kupunguza. Jambo hili halina maana kwamba kila mnyama alaye mazao ni rafiki. Maana yake ni kwamba yafaa kuhesabu kabla ya kuhukumu.

Kima hao hula pia majani ya miembe na mikungu karibu na vijiji. Majani hayo yana vitu vinavyozuia tumbo lisifanye kazi vizuri, na kima wamejifunza kula makaa ya kuni yaliyoachwa na watu, kwa maana makaa hushika vitu vile. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba wamebaki zaidi ya 5,800. Wengi wao hukaa katika Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyowekwa mwaka 2004, na katika vichaka vya maweni vilivyo jirani. Wageni hulipa ada kuwatazama, na sehemu ya fedha hizo huwafikia wenyeji.

Chini ya miti wapitapo kima hupita paa nunga, mnyama mdogo wa rangi nyekundu mwenye mstari mweupe mapajani. Yeye hapandi, hungoja. Maua na majani wayaangushayo kima ndiyo chakula chake. Mbali na Unguja, paa huyu amejulikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya tu. Mtego na mbwa vimempunguza sana, na kichaka kikikatwa hana pa kujificha.

Tazama jinsi mambo yalivyofungamana: jani hulisha kima, kima humwangushia paa, paa huacha mavi yaliyo mbolea katika kishimo, na kishimo hukuza jani. Ukikata uzi mmoja, kitambaa chote hufumuka. Chui wa Unguja alikuwa mmoja wa nyuzi hizo. Watu walimwogopa, wakisema kuwa wachawi humfuga, wakamwinda kwa bidii. Leo wengi huamini kwamba ametoweka, na ngozi yake huonekana katika jumba la makumbusho.

Msomaji wa Mnero asidhani kwamba wanyama wa namna hiyo wako visiwani tu. Katika misitu ya Rondo, upande wetu wa mashariki kuelekea Lindi, yuko komba mdogo ambaye wataalamu walimtambua kuwa jamii peke yake katika miaka ya 1990. Hapatikani ila katika misitu michache ya mwambao wa Tanzania. Msitu ni kisiwa chake, na mashamba ndiyo bahari imzungukayo.

POPO WA PEMBA

Katika Pemba yuko popo mkubwa alaye matunda. Jamaa zake wako Madagaska, Komoro na Asia, wala hawako katika bara la Afrika. Usiku huruka mbali, akila matunda na kunyonya maua, na asubuhi huwa ameeneza mbegu nyingi kuliko awezavyo mtu mwenye kikapu.

Watu wa Pemba walimla, na bunduki zilipozidi na misitu ilipokatwa, popo walipungua sana. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 walionekana wachache mno, hata ikahofiwa kwamba watakwisha. Ndipo wenyeji, kwa msaada wa serikali na wataalamu, walipoanzisha vyama vya vijijini vya kuwalinda mahali walalapo. Baadhi ya makundi yalikuwa yamesalia juu ya miti ya makaburini, ambako kwa heshima ya wazee shoka halikuingia. Baada ya miaka kama ishirini popo walihesabiwa zaidi ya 20,000.

Jambo la kutiwa moyo ni hili: kilichopungua kwa mikono ya watu kilirudi kwa mikono ya watu, na waliofanya kazi hiyo walikuwa wanavijiji kama ninyi. Nanyi, kama mnayo miti ya wazee isiyokatwa, msiidharau. Huo ni mfuko wa mbegu.

MIKOKO, MWAMBA NA KAA

Penye matope ya pwani huota mikoko ya namna nyingi: mkoko wenyewe, mkandaa, mchu na mlilana. Mizizi yake hushika matope yanayoshuka kutoka nchi kavu, na kati ya mizizi hiyo samaki wadogo na kamba hukulia. Mbele ya mikoko kuna mwamba hai wa matumbawe, ambao huvunja mawimbi yasiile pwani. Mikoko huchuja maji ili mwamba upate nuru, na mwamba huzuia mawimbi ili mikoko isimame.

Karibu na mji wa Unguja kiko kisiwa kidogo cha Chumbe, ambacho msitu wake na mwamba wake vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Wavuvi walifundishwa kuwa walinzi. Mwambani hapo pamehesabiwa zaidi ya aina 400 za samaki. Samaki hawajui mpaka wa hifadhi. Wakizidi hutoka, na mvuvi aliye nje huwapata.

Nchi kavu ya Chumbe hukaa kaa wa minazi, aliye mkubwa kupita kaa wote wa nchi kavu duniani. Aweza kufikia kilo 4, hupanda miti, na kwa magando yake huvunja nazi. Jike huenda kutia mayai baharini. Watoto huelea majini kwa muda wa majuma, kisha hupanda pwani. Hukua polepole mno, huchukua miaka kabla ya kuzaa, na aweza kuishi miaka mingi kama mtu. Kwa hiyo alaye kaa huyo mmoja amekula kazi ya miaka mingi kwa siku moja. Katika visiwa vingi amekwisha. Alipobaki ni pale alipolindwa.

Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita desturi. Vidudu vya matumbawe vikaitoa mimea iliyomo mwilini mwao, vikawa vyeupe, na vingi vikafa, hasa kandokando ya Mafia. Jambo hilo limetokea tena baadaye. Mkulima wa Mnero hawezi kuipoza bahari. Walakini mwamba uliopigwa na joto huweza kupona kama maji ni safi na kama haukupigwa tena na baruti, nyavu za kukokota na matope. Katika maadui hao, matope hutoka bara.

FUNZO LA NACHINGWEA

Nchi yetu wenyewe inayo shuhuda. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaling’oa misitu, na reli ikajengwa kutoka pwani ya Mtwara kuja Nachingwea. Mwezi wa Januari 1951 ikatangazwa kwamba mpango umeshindwa, na hasara ilikuwa yapata pauni milioni 36. Baadaye reli ikang’olewa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ya zilizo kubwa ni kwamba watu walianza kufyeka kabla ya kuupima udongo na mvua sawasawa. Waliona kichaka, wakadhani chini yake mna utajiri. Hawakuuliza kama utajiri wenyewe ulikuwa katika kichaka.

Mwenye muo wa maweni asiyejua kusoma angaliweza kuwaambia neno hilo.

Leo hatufyeki kwa matrekta yale, bali twafyeka. Bei ya ufuta ikiwa njema, msitu huchomwa, hulimwa misimu michache, kisha huachwa na mwingine huchomwa. Mkaa nao una wanunuzi. Udongo wa mteremko ukiisha kuwa uchi, mvua ya kwanza ya masika huugeuza mto kuwa mwekundu. Rangi hiyo ni shamba lako linasafiri. Litakapofika baharini litawafunika wale vidudu wasioweza kuishi bila nuru, na samaki mkavu umnunuaye kutoka pwani atapungua na bei yake itapanda. Utakuwa umepata hasara mara mbili kwa kosa moja.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Usichome majani na mabua baada ya kuvuna. Yatandaze shambani yaoze. Maweni yametufundisha kwamba majani yaliyooza ndiyo udongo.

2. Lima kwa kukata mteremko, wala usilime kwa kushuka nao. Fanya makinga maji, na juu yake panda majani yenye mizizi mingi.

3. Acha miti na majani kando ya mito. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza kazi za kuharibu katika mita 60 za ukingo, na faida ya kwanza ya sheria hiyo ni yako.

4. Shamba lililochoka lipumzishe, na kama ardhi yako haitoshi kulipumzisha, panda mbaazi na kunde pamoja na nafaka. Mimea hiyo hurudisha nguvu ya udongo, nawe wala.

5. Ukifungua shamba jipya, bakiza miti mikubwa michache, na fungu la msitu juu ya kilima. Ndege na popo watakaokaa humo ndio wapanzi wasiodai ujira.

6. Kabla ya kumwua mnyama kwa kudhani anakupa hasara, hesabu mavuno yako na umwulize Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako.

7. Miti ya makaburini na ya mizimu ilindwe kama wazee walivyoilinda.

Watu wa Chwaka na Makunduchi wakikosea hujua upesi, kwa kuwa jiwe huwaonyesha. Jiwe letu liko chini, nasi tunayo nafasi ya kujifunza kabla halijaonekana.